UZI: Sayonara Wild Hearts ilisifiwa kwa haki, ikalaumiwa kwa kosa lisilo lake

#1 Mtepe64 (Lamu, Langoni)

Salaam wadau. Gemu fupi ikitajwa humu, mtu hubandika alama za wahakiki na mazungumzo hufia hapo. Na sasa wenye mabanda ya gemu wa Malindi na Lamu wameanza kuulizia kitu cha kuweka kando ya gemu za mpira. Basi tuchukue moja tuichambue hadi mifupani: Sayonara Wild Hearts.

Kwa asiyeijua: ni kazi ya Simogo, studio ndogo ya Malmö, Uswidi, iliyoanzishwa 2010 na Simon Flesser na Magnus Gardebäck. Ndio hao hao wa Year Walk na Device 6, zote za 2013, kwa hiyo umaridadi hawakuuanzia hapa. Mchapishaji ni Annapurna Interactive. Ilitoka 19 Septemba 2019 kwenye PS4, Switch na Apple Arcade (huduma ya gemu ya Apple), siku ile ile huduma hiyo ilipozinduliwa. Ya Windows ikafuata Desemba, ya Xbox One Februari 2020. Muziki ni wa Daniel Olsén na Jonathan Eng, mwimbaji ni Linnea Olsson, msimulizi ni Queen Latifah. Hatua ni 23. Asiyekwama huimaliza kwa saa moja hivi, anayekwama saa moja na nusu. Wenyewe wameinadi kama albamu ya pop unayoicheza.

Ndani yake kuna binti aliyevunjika moyo. Kipepeo wa almasi anamvuta hadi ulimwengu mwingine, anavishwa kinyago, anakuwa The Fool, kisha anaanza kuwafukuza wapinzani waliotokana na karata za taroti (zile za kubashiria): Dancing Devils, Howling Moons, Stereo Lovers, Hermit 64, na mwisho Little Death. Mara yuko juu ya pikipiki, mara anapaa, mara ana upanga mkononi. Wewe mchezaji una kijiti kimoja na kitufe kimoja, basi.

Mapokezi yalikuwa mazuri. Wahakiki wengi walisifu rangi, nyimbo na namna picha zinavyokwenda sambamba na muziki. The Game Awards 2019 waliiteua kwenye muziki na kwenye sanaa. Tuzo ya muziki ikachukuliwa na gemu ya Death Stranding, ya sanaa ikachukuliwa na Control. Apple nao wakaifanya gemu bora ya Arcade ya mwaka huo, na 2020 wakaipa Apple Design Award.

Waliopunguza alama, wengi walisema ni fupi. Hapo ndipo ninapobisha. Ufupi si kasoro yake. Kasoro yake ni kamera, na iliguswa juu juu tu katika tahakiki nyingi. Nitarudi kwenye kamera kwa urefu, ila kwanza nataka kusikia wenye hoja ya ufupi.

#2 Nahodha_Pikseli (Malindi, Shela)

Mwenye hoja ya ufupi ni mimi hapa. Bei yake ya kawaida Steam, duka la gemu za kompyuta mtandaoni, ni dola 12.99. Ukihesabu dola kwa shilingi 129, hiyo ni kama 1,680. Mtu akipata gemu ya mpira kwa pesa nyingi zaidi, huicheza msimu mzima. Mhakiki anapewa gemu bure na mchapishaji, anaimaliza kabla ya chai ya saa nne, anaandika kwamba urefu unatosha. Anayenunua kwa pesa yake ana haki ya kuambiwa atapata dakika ngapi. Sisemi gemu ni mbaya. Nasema kutaja urefu ni wajibu wa mhakiki, na aliyeutaja hakukosea.

Halafu kuna upande wa pili ambao watu hawautazami. Steam hukurudishia pesa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa 2. Gemu ya saa moja, mtu anaweza kuimaliza, akafurahi, akadai pesa yake. Mwaka 2021 mtengenezaji wa Summer of '58 alitangaza kwamba anajiweka kando na kutengeneza gemu kwa sababu hiyo hasa: watu walikuwa wanamaliza na kurudisha. Kwa hiyo ufupi una gharama, si kwa mnunuzi peke yake.

#3 Mtepe64

Kutaja urefu sawa, Nahodha. Kupunguza alama kwa sababu ya urefu ndiyo habari nyingine. Mhakiki wa muziki hakati alama kwa kuwa albamu ina dakika 45. Journey ya 2012 huisha kwa saa mbili, Florence ya 2018 haifiki hata saa moja, na zote mbili zilivishwa mataji.

La pili, hiyo saa moja ni mzunguko wa kwanza tu. Kila hatua ina medali: shaba, fedha, dhahabu. Ukipita bila kujali, utavuna shaba nyingi na fedha chache. Dhahabu inataka mioyo iliyotawanywa njiani uichukue karibu yote na vitufe uvibonye kwa wakati wake hasa, si karibu na wakati wake. Ukimaliza hadithi unafunguliwa Album Arcade, ambapo hatua zote zinaunganishwa na unakwenda moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho bila kurudi kwenye menyu. Na kuna vitendawili vya nyota za falaki: kila kimoja kinafumba jambo unalotakiwa kulifanya ndani ya hatua fulani, na hakikuambii ni hatua ipi. Mhakiki aliyeandika usiku wa kwanza hakuyafikia hayo, na hilo linaonekana kwenye maandishi yake: anasimulia hadithi, haongei kitu kuhusu dhahabu.

#4 BintiBarani (Malindi)

Ninyi mnapigania saa, mimi nataka kugusa lawama nyingine iliyorudiwa sana: kwamba hii "si gemu ya mdundo hasa". Walioandika hivyo walichanganya vitu vitatu.

Kuna gemu ambayo muziki ndiye hakimu. Guitar Hero ya 2005 iko hapa, Thumper ya 2016 iko hapa. Pigo lina dirisha lake dogo, ukibonya nje ya dirisha umekosa.

Kuna gemu ambayo muziki unakufuata wewe. Rez ya 2001 ndiyo mfano mkubwa: unafyatua wakati wowote upendao, lakini sauti ya mlipuko inashikiliwa kidogo hadi ifike kwenye pigo lililo karibu. Unajisikia fundi wa ngoma kumbe mashine ndiyo inayokunyoosha. Hi-Fi Rush ya 2023 ina ujanja wa jamaa moja na huo: ukigonga nje ya mdundo, kipigo bado kinatua juu ya mdundo, ila unakosa nyongeza.

Halafu kuna gemu ambayo muziki umeshaandikwa na dunia imechezeshwa juu yake kama kirumbizi cha Maulidi pale Lamu. Ngoma haiwangojei wenye fimbo, wala kila fimbo haigongi kila pigo, lakini mtazamaji anaona wazi nani yuko ndani ya ngoma na nani yuko nje. Sayonara Wild Hearts iko kundi hili. Barabara inakata kona pale kiitikio kinapoingia, adui anarusha mishale kwa hesabu ya ngoma, na wewe kazi yako kubwa ni kuwa mahali panapotakiwa. Vitufe vya wakati maalumu ni vichache, vimewekwa kwenye vilele tu.

Ukiipima kwa rula ya Guitar Hero utaikuta imelegea. Naona walioipenda zaidi ni wale waliokuwa na Rez kichwani. Wapo walioilinganisha na mbio za OutRun, nao hawakukosea.

Ninachoilaumu mimi ni kwamba inachanganya makundi bila kuaga. Katikati ya hatua inayokwenda kwa macho, ghafla inakudai bonyezo la wakati maalumu, na kidole kilikuwa kimelala. Ndiyo maana mwanzoni watu wengi hukosa bonyezo la kwanza la kila mfululizo na kupata la pili na la tatu.

#5 kijana_wa_Maweni

Dada Binti, swali la haraka. Nikizima sauti kabisa naweza kuimaliza?

#6 BintiBarani

Unaweza. Bonyezo la wakati lina duara linalojibana kuelekea katikati, likikutana na alama unabonya. Macho yanatosha. Lakini utakuwa unajibu kila kitu kwa kuchelewa, kwa sababu sikio ndilo linalokuambia kona inakuja kabla haijaonekana. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo kila milisekunde 500. Pop hujengwa kwa mafungu ya mapigo 16 au 32, kwa hiyo sikio lililozoea linajua mabadiliko yanakuja sekunde kadhaa kabla. Jicho kwenye gemu yenye kasi hii halina sekunde hizo.

Na usichague hatua unayoipenda uanze nayo. Anza hatua kwa mpangilio wake. Clair de Lune ya Debussy inayosikika mwanzoni haikuwekwa kama pambo: ni ya polepole ili ukutane na kijiti kabla ya kitufe.

#7 FundiWaya (Malindi)

Sasa hapo kwa sikio na jicho ndipo mimi huona gemu ikionewa. Nusu ya maoni ya "vitufe havijibu" yanatoka kwenye vyombo, hayatoki kwenye gemu. Nitaeleza kwa mpangilio wa kuangalia, kutoka kinachoharibu zaidi.

Sauti ya Bluetooth. Hedifoni au spika ya kawaida ya Bluetooth, ile inayotumia kodeki (njia ya kubana sauti) ya SBC, huchelewesha sauti kati ya milisekunde 150 na 250. Rudi kwenye hesabu ya BintiBarani: pigo ni 500, kwa hiyo unaweza kuwa umeshapoteza hadi nusu pigo. Ukibonya kwa kusikia, utakosa kila mara na upande ule ule, yaani kuchelewa. Hiyo ndiyo dalili. Ukikosa kwa kuwahi mara hii na kuchelewa mara ile, tatizo ni mkono wako. Ukichelewa tu kila mara, tatizo ni chombo.

Na hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo kuhusu tahakiki za 2019. Switch haikuruhusu hedifoni za Bluetooth hadi Septemba 2021, toleo la mfumo 13.0.0. PS4 yenyewe haikubali hedifoni za Bluetooth za kawaida mpaka leo. Kwa hiyo wahakiki wa wakati ule wa Switch na PS4 hawakuweza kuunganisha moja kwa moja hedifoni za Bluetooth za kawaida. Anayeinunua sasa akavaa hedifoni zisizo na waya kwenye Switch anaipata gemu katika hali mbaya kuliko aliyeihakiki. Tumia waya wa milimita 3.5. Kontrola ya PS4 ina tundu hilo chini.

TV. Washa Game Mode. Kwenye TV nyingi za bei nafuu picha ikipita kwenye usafishaji wa kawaida huchelewa hata milisekunde 100, ukiwasha Game Mode inashuka chini ya 20 au karibu na hapo. Kuna mambo mawili watu husahau. Kwanza, kwenye TV nyingi Game Mode huwekwa kwa kila tundu la HDMI peke yake. Ukihamisha waya kutoka tundu la 1 kwenda la 2, hali inarudi ya zamani. Pili, zima kile kinacholainisha mwendo, ambacho kila kampuni imekipa jina lake. Kinabuni picha za katikati, na ili izibuni lazima TV isubiri picha inayofuata.

Spika ya nje kupitia kebo ya mwanga (optical) au HDMI ARC (tundu la HDMI linalotoa sauti ya TV). Hii inaweza kuchelewesha sauti peke yake huku picha ikiwa sawa. Kwenye menyu ya sauti chagua PCM (sauti isiyobanwa) badala ya Dolby, maana kufungua Dolby kunakula muda. Kama kuna kipimo cha kuoanisha sauti na picha, kiweke sifuri. Umbali wa spika usikusumbue: sauti hukimbia mita 343 kwa sekunde, mita 3 ni milisekunde 9 tu.

Rangi. Gemu hii ni zambarau, waridi na buluu ya kijani juu ya giza. Ukiacha TV kwenye hali ya dukani, ile yenye kung'aa kupita kiasi, waridi inaungua na mioyo inapotea ndani ya barabara. Punguza ukolezo wa rangi hadi uone ukingo wa moyo ukitengana na mwanga wa nyuma. Mtu ataniambia ni urembo, lakini ni pointi: moyo usiouona huuchukui.

#8 kijana_wa_Maweni

Nani kama Fundi. Na simu je? Ami yangu ana iPhone tu.

#9 FundiWaya

Simu ina faida moja, skrini yake haicheleweshi kama TV. Hasara ni kidole kufunika picha, na kidole juu ya kioo hakina kingo za kuhisi katikati ni wapi. iOS 13, iliyotoka siku ile ile ya 19 Septemba 2019, ndiyo iliyofungua mlango kwa kontrola za PS4 na Xbox One kwenye iPhone. Kwa hiyo tahakiki ya simu ya wiki ile, kabla hujaiamini, tazama kama mwandishi anasema alitumia kidole au kontrola. Mwambie Ami aunganishe kontrola, na hedifoni ziwe za waya.

#10 Mtepe64

Fundi umenifungulia njia. Tukishatoa makosa ya vyombo, kinachobaki ndicho kasoro ya gemu yenyewe, nacho ni kina cha picha.

Mhusika yuko karibu na wewe, mioyo na vizuizi vinatoka mbali kuja usoni. Kamera ikiwa nyuma yake sawasawa, hakuna tabu. Lakini gemu hii inapenda kuizungusha: pembeni, juu, mbele ya uso wake, kisha nyuma tena, yote ndani ya ubeti mmoja. Kila kamera inapogeuka, uhusiano wa kijiti na barabara unageuka nao. Umeshikilia kulia, kamera inazunguka, na kulia kwako si kulia kwa barabara tena. Kwa nusu sekunde hujui. Kwa kasi ile, nusu sekunde ni mioyo kadhaa au ukuta.

La pili ni kivuli. Kwenye barabara kuna ardhi ya kupimia, unajua uko wapi. Kwenye hatua za kupaa hakuna ardhi. Moyo ulio mbali na mdogo, na moyo ulio karibu na wa pembeni, jicho linavichanganya. Hapo watu hupita milimita chache kando ya mstari mzima wa mioyo huku wakiapa waliugusa.

Wahakiki waliligusa hili kwa neno moja tu, "inachanganya", kisha wakaendelea. Walisamehe kwa sababu gemu yenyewe inasamehe: ukianguka unarudishwa nyuma kidogo tu, karibu papo hapo, na ukianguka mara kadhaa pale pale inakuuliza kama unataka kuruka kipande hicho. Kwa anayetafuta hadithi, kasoro imefunikwa. Kwa anayetafuta dhahabu, kasoro ipo wazi, maana dhahabu haina msamaha.

Namna ya kuipita. Usimtazame binti. Weka mato juu kidogo ya katikati ya skrini, pale barabara inapozaliwa, na mwache yeye aonekane kwa pembeni ya jicho. Kamera ikianza kuzunguka, achia kijiti kirudi katikati, ngoja izunguke, kisha shika upya. Utapoteza moyo mmoja, utaokoa kumi. Kwenye mistari ya kupaa, lenga kuanzia moyo wa tatu au wa nne. Ukiukimbilia wa kwanza utaufikia ukiwa umeinama vibaya na mstari wote utakuponyoka.

Na Stereo Lovers, pale Parallel Universes: mapacha wanapiga vidole, dunia inabadilika kuwa nyingine, wanapiga tena, inarudi ya kwanza. Njia iliyo salama huku ni ukuta kule. Wengi hujaribu kujibu kila mabadiliko kwa macho, nao huanguka hadi wachoke. Mabadiliko yanakwenda kwa hesabu ya wimbo. Hesabu, na uhame kabla ya vidole kulia, si baada. Ni hatua bora kuliko zote kwenye gemu, na ndiyo jibu langu kwa waliosema hii si gemu ya mdundo hasa.

#11 Nahodha_Pikseli

Kwenye kamera nakubali kabisa. Parallel Universes pia nakubali, ile ni kazi ya watu wanaojua wanachokifanya. Ila Hermit 64 imemwagiwa sifa nyingi kuliko inavyostahili. Inageuka kuwa gemu ya zamani ya mistari mitupu, inapendeza kutazama, lakini ndipo kina cha picha kinapopotea zaidi kwa sababu mistari mitupu haina kivuli wala uzito. Mhakiki aliona kumbukumbu za utotoni, akasahau kupima mkono.

Na kuhusu kusoma tahakiki kwa jumla, wastani wa alama hausaidii kitu kwenye gemu kama hii. Wastani wake uko kwenye themanini na kitu, ambao ni wastani wa gemu nyingi nzuri zisizofanana nayo hata kidogo. Bora kutafuta mhakiki mmoja aliyetaja chombo alichotumia, aliyeandika alifika wapi zaidi ya mwisho wa hadithi, na aliyeeleza kosa kwa kutaja hatua. Anayesema "vidhibiti havina makini" bila kusema wapi, amekuachia kazi yake uifanye wewe.

#12 FundiWaya

Nyongeza kwa sisi wa pwani, kwa sababu chumvi haina huruma. Gemu hii kijiti hakipumziki, kwa hiyo kontrola yenye kijiti kinachojivuta chenyewe itakuonyesha gemu mbovu wakati mbovu ni kontrola. Kupima: kwenye hatua yoyote ya mwendo achia kijiti kabisa. Binti akisogea pembeni mwenyewe, kijiti kimekwisha au kimechafuka.

Kusafisha: zima kontrola, vuta kijiti upande mmoja, dondosha matone mawili matatu ya alikoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi kwenye ufa, zungusha kijiti pande zote kwa dakika moja, rudia upande wa pili, acha ikauke robo saa kabla ya kuwasha. Usitumie spiriti ya dukani iliyochanganywa maji na rangi, inaacha utando. Mafuta ya cherehani ndiyo mabaya zaidi, yanashika vumbi na kesho kijiti kinakwama.

Tatizo likirudi baada ya wiki, ndani tabaka la kaboni limelika na hakuna dawa ya kuipaka. Moduli ya kijiti cha PS4 ina miguu 14 iliyolehemiwa. Lehemu ivutwe kwa pampu ya kunyonya lehemu au utepe wa shaba, polepole, maana njia za bodi huchubuka ukilazimisha. Ukiwa unabadilisha, weka ya sumaku. Haisuguani ndani kwa hiyo hailiki, ila itahitaji kupimwa katikati upya. Kwa wa Steam kuna suluhisho la muda: panua eneo mfu la kijiti (mwendo mdogo wa katikati usiohesabiwa) kwenye mipangilio ya kontrola, kidogo kidogo hadi binti atulie. Ukizidisha, mwendo mdogo utapotea na mioyo ya karibu karibu itakushinda.

#13 Ami_Mkomani (Lamu)

Wanangu, mmechambua vizuri, lakini hamjataja mwanga. Gemu hii inamulika, na mahali pengine inamulika haraka. Mwanga unaomulika zaidi ya mara tatu kwa sekunde ni hatari kwa wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga. Mabanda mengi yana giza na mtoto ameketi hatua moja kutoka kwenye skrini kubwa. Washeni taa ya chumba, rudisheni viti angalau mita mbili, punguzeni mwangaza wa TV. Mtoto akisema kitwa kinamuuma au mato yanacheza, aondoke. Anayehisi vibaya ghafla asifumbe tu mato, mwanga hupenya kope: afunike jicho moja kwa kiganja na ageuze uso. Na ubandikeni onyo mlangoni, si kila mzazi anajua.

Kwa biashara, kutoza kwa mechi hakuwezekani hapa. Tozeni kwa muda, au kwa hatua tatu tatu. Album Arcade msiifungue jioni stima zinapokatika katika, maana ni ya kukaa kitako mara moja. Hatua moja moja ni fupi, ikikatika hujapoteza kitu kikubwa.

#14 kijana_wa_Maweni

Shukrani Ami. Basi nikiwa na pesa ya gemu moja tu ya aina hii, niishike hii au Thumper?

#15 BintiBarani

Ukitaka mtu akae nyuma yako atazame naye afurahi, hii. Ukitaka kupigwa hadi mkono ujifunze, Thumper. Kwa banda, hii, kwa sababu anayesubiri zamu yake anafurahia pia. Kwa Rez, tafuta Rez Infinite ya 2016 na uende moja kwa moja Area X, ni sehemu mpya iliyoongezwa na utaona Sayonara imekopa nini.

#16 Nahodha_Pikseli

Na ngoja punguzo, kijana. Gemu za Annapurna hushushwa bei mara kwa mara Steam. Iweke kwenye orodha ya matamanio, utaletewa barua pepe.

#17 FundiWaya

Kabla ya kununua pima TV yako kwanza: washa gemu yoyote uliyonayo, bonya kitufe cha kuruka huku mwenzako anakurekodi kwa simu kwa mwendo wa picha 240 kwa sekunde, kidole na skrini vyote vikionekana. Hesabu picha kutoka kidole kuzama hadi mhusika kuinuka. Kila picha ni milisekunde 4 na kitu. Rudia mara tano, chukua ya katikati. Kisha washa Game Mode na urudie. Tofauti ya hesabu mbili ndiyo uliyookoa. Ukiona hakuna tofauti, uliweka kwenye tundu lisilo lenyewe.